Nani ameshika orodha? Kutoka antene ya kuelekea Gisenyi mpaka kisanduku cha intaneti



Ukiwasha kisanduku kipya cha televisheni ya intaneti, kile kidogo cheusi wanachouza Birere, kabla ya kukuonyesha picha yoyote kitakuuliza mambo mawili: lugha, na saa. Kwenye lugha watu wanabonyeza Kifaransa bila kufikiri. Kwenye saa ndipo wanaponaswa. Wanatafuta Congo, wanaona Kinshasa, wanabonyeza, wanaendelea. Kuanzia siku hiyo ratiba ya vipindi inakuwa ya Kinshasa, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mechi imeandikwa saa mbili usiku, mzee anakaa mbele ya tele saa mbili kamili ya Goma, anakuta bado wanatangaza sabuni. Ananipigia simu: “Petit, ile kitu yako inadanganya.” Haidanganyi, papa. Inasema ukweli wa Kinshasa. Dawa yake ni kuchagua Lubumbashi, maana waliotunga orodha ya saa za dunia waliandika nchi yetu kwa miji miwili tu, na sisi watu wa Kivu tukawekwa chini ya Katanga.

Mimi nilisoma historia. Leo nakula kwa kuweka programu za televisheni mu nyumba za watu: Himbi, Katindo, Ndosho, Majengo, mpaka Mugunga. Usicheke, wewe uliyesoma sheria na unauza mega. Kazi hii imenionyesha jambo moja ambalo nataka tulizungumze hapa: mu mji huu picha haijawahi kukosa mwenyewe. Kila kizazi kilipata mtambo wake wa kuvuta picha kutoka mbali, na nyuma ya kila mtambo kulikuwa na mtu aliyeamua nini kiingie sebuleni kwako na nini kibaki nje. Programu unayomwekea mama yako leo iko kwenye mstari huohuo. Tofauti ni kwamba safari hii sehemu ya ule uamuzi inaweza kurudi mikononi mwetu, kama tunajua tunachokifunga.

Tuanze na wazee. Televisheni ya taifa ilianza kurusha matangazo Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966, ikiwa imebaki siku moja tu mapinduzi ya Mobutu yatimize mwaka. Baadaye, nchi ilipoitwa Zaïre, watazamaji walizoea ile picha ya kabla ya habari: sura ya Mobutu ikishuka taratibu kutoka mawinguni. Leo tunalalamika juu ya matangazo ya YouTube ya sekunde tano. Ile ya Mobutu haikuwa na kifungo cha kuruka, na ilidumu miaka. Kutoka Kinshasa mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, hakuna antene ya nyumbani inayofika huko. Picha ilipaswa kupita kwenye satelaiti, kisha kwenye kituo cha mkoani, na kituo cha mkoani kilihitaji umeme, vipuri na mishahara. Kimoja kikikosekana, giza.

Lakini Goma ina bahati yake, au balaa yake, sijui niite nini: imegusana na Gisenyi. Televisheni ya Rwanda ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, mawimbi yake hayakusimama kwenye petite barrière kuomba jeto. Yaliingia tu. Watu wakasimika bomba la chuma au mti mrefu juu ya bati, antene ikageuzwa mashariki, mtoto mmoja akapanda na mwingine akabaki mlangoni kupokezana sauti: “Hapo! Hapo njo mzuri! Usisogee!” Kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa programu ya kwanza kuwekwa nyumbani, na fundi wake alikuwa na umri wa miaka kumi. Kwa hiyo kuna watu hapa waliokuwa wanaelewa habari za Kigali vizuri kuliko za Kinshasa, na hawakuchagua hivyo kwa siasa. Walichagua kwa sababu picha ya huko haikuwa na chenga.

Halafu Julai 1994. Karibu watu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache, kipindupindu kikaua makumi ya maelfu, na vituo vya televisheni vya dunia nzima vikaleta hapa kamera na mitambo yao ya satelaiti. Fikiria hesabu hiyo. Majuma yale, picha zilizotoka Goma zilikuwa nyingi kuliko zilizowahi kuingia. Mtu wa Brussels au Atlanta aliliona jiwe letu jeusi la volkano kila jioni, na mwenyeji wa Katindo asiyekuwa na parabola hakujua kwamba anaonwa. Nikisoma habari za vyombo vya habari mu Kivu, jambo hili linanisumbua kuliko mengine yote: sisi tumekuwa picha kabla ya kuwa watazamaji.

Kaseti za video na sinema za mtaani nitazipita haraka, zinastahili makala yake: zile sali za mbao, viti vya ubao, mtu na kipaza sauti akieleza filamu ya Hong Kong kwa Kiswahili chetu. Parabola na dekoda vilipofika, mwenye picha alibadilisha sura. Sasa hakuwa serikali tena, alikuwa kampuni, na uamuzi wake ulikaa ndani ya kadi ndogo unayoichomeka. Ukilipa abonema, kadi inafunguka. Usipolipa, unabaki na bakuli kubwa jeupe juu ya bati la kukusanyia vumbi la volkano. Ndiyo maana mechi kubwa ziliendelea kuwa za watu wengi mbele ya tele moja. Tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe walipocheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu na Inter Milan kule Abu Dhabi, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo, nani aliitazama peke yake? Tulifungwa 3-0, na bado watu waliigiza ile ngoma ya Kidiaba, ya kuruka kwa makalio, wiki nzima.

Mwaka 2014 Rwanda ilizima mawimbi ya zamani na kuhamia kidijitali. Huko ilikuwa habari ya maendeleo, na ni kweli. Upande huu, tele za zamani zisizo na dekoda mpya zikabaki na chenga tu. Hakuna aliyeombwa maoni Birere, na kwa nini aombwe? Haikuwa televisheni yetu. Ile bahati ya kugusana na Gisenyi ilikuwa ya kuazima.

Sasa tufike kwenye programu yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii hadithi inawahusu wanafunzi hasa.

Ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, ya rangi ya chungwa, VLC, haikutoka kampuni kubwa. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wa École Centrale Paris, waliokaa bweni la Châtenay-Malabry nje kidogo ya Paris, walikuwa na mtandao wa kompyuta wa polepole na walitaka wa kasi. Sababu ya kweli ilikuwa michezo ya kompyuta, waliikiri wenyewe baadaye. Sasa nenda umwambie mkuu wa shule akununulie mtandao ili ucheze. Walitumwa kwa wafadhili, na huko likazaliwa wazo: badala ya kila mwanafunzi kufunga parabola na dekoda yake, picha ya satelaiti ipokelewe mara moja, ipitishwe kwenye mtandao wa bweni, na kila mmoja aifungue kwenye kompyuta yake. Kwa kazi hiyo mtandao wa kasi ulikuwa wa lazima. Wafadhili wakakubali. Mradi ukaanza 1996, ukaitwa VideoLAN, na programu ya kufungulia picha ikawa mama wa VLC ya leo. Tarehe 1 Februari 2001 shule ikaruhusu itolewe bure kwa leseni ya GPL, yaani yeyote aichukue, aitumie, aibadilishe.

Naipenda hadithi hii kwa sababu shida yao ilikuwa shida ya avenue yoyote ya Goma: parabola moja, nyumba nyingi. Wenyewe walikuwa na mkuu wa shule wa kumshawishi na kampuni ya kulipa. Lakini walichotengeneza ndicho nakifunga Ndosho leo, bila kulipa franka hata moja, na ni halali.

Kodi nayo ilianza 2002 kwa vijana waliotaka mashine ya michezo ya Xbox ionyeshe filamu. Ilibadilisha majina mpaka kulipata hili la sasa mwaka 2014. Na mwaka 2009 Apple ilitoa njia ambayo karibu programu zote za televisheni za leo zinaitumia au zinaielewa: picha inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kinasafiri kama ukurasa wa kawaida wa intaneti, na programu inavipanga upya mbele yako. Hapo ndipo kuna siri ya kuchelewa. Programu inangoja vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, kwa hiyo wewe uko nusu dakika nyuma ya jirani mwenye parabola.

Mulijua hilo bila kufundishwa. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Congo na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Wakati huo mapigano yalikuwa Sake, kilometa kama 25 kutoka hapa. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki. Walikuwa wanasema habari yetu. Nilikuwa nimeweka kisanduku kwa familia moja ya Katindo, sebule imejaa, mama mmoja akaanza kulia kimya. Kipindi cha pili jirani wa dekoda akapiga ukelele wa huzuni, na sisi tukajua bao limeingia kabla ya kuliona. Nusu dakika yote ile tulikaa tukitazama mpira ambao tayari umekwisha kutuumiza. 1-0. Hakuna aliyezima.

Turudi kwenye kazi. Watu wanaponiita wanasema, “Kuja utuwekee channel.” Programu haina channel. VLC, Kodi na zile nyingine zote za kisasa ni dirisha. Zinangoja umwambie atazame wapi. Kitu kinachomwambia ni orodha, faili la M3U. Faili hili lilianza miaka ya 1990 kama orodha ya nyimbo za MP3, na mpaka leo ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia: mstari wa kwanza unalitaja jina lake, halafu kwa kila channel kuna mistari miwili, mmoja wa jina, mmoja wa anwani ya intaneti. Basi. Aliyeshika orodha ndiye anayekalia kile kiti cha Kinshasa ya 1966 na cha kampuni ya kadi. Ukiandika anwani zako mwenyewe, umekikalia wewe. Ukinunua orodha kwa mtu wa WhatsApp usiyemjua sura, yeye njo anakikalia.

Na wanaouza ni wengi. Channel elfu kumi, mpira wote, filamu zote, mwaka mzima, bei ya kuku wawili. Ni mali ya wizi, tuseme wazi, na mwizi hana mahali pa kwenda kumshitaki. Mama mmoja mfanyabiashara alilipa mwaka mzima mara moja. Baada ya miezi mitatu tele ikaandika kwamba seva haipatikani, na namba ya muuzaji haikupatikana pia. Yeye alidhani kisanduku kimekufa. Kisanduku kilikuwa kizima. Orodha ndiyo ilikuwa imezimwa. Septemba 2019 polisi wa Italia, pamoja na wenzao wa nchi nyingine za Ulaya, walizima mfumo ulioitwa Xtream Codes, ambao wauzaji wengi wa aina hiyo waliutumia kuhesabu wateja wao. Giza likaingia mu nyumba nyingi kwa siku moja. Kichekesho ni kwamba programu nyingi za leo bado zinakuuliza, ukizifungua mara ya kwanza: uingie kwa M3U, au kwa Xtream Codes? Nyumba ilibomolewa, jina limebaki mlangoni.

Kwa anayetaka kuweka mwenyewe, mambo machache ya hapa kwetu ambayo maelezo ya kiwandani hayakwambii.

Pima mega kwanza. Picha ya wastani, ya megabiti 3 kwa sekunde, inakula gigabaiti 1.35 hivi kwa saa. Mechi ya dakika 90 ni kama gigabaiti 2. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto telekomande, ingia kwenye mipangilio ushushe ubora wa picha. Kwenye tele ndogo hakuna atakayeona tofauti, isipokuwa mwenye kulipa. Ukitumia VLC, pandisha akiba ya mtandao mpaka sekunde tatu au tano. Picha inachelewa zaidi kuanza, lakini haigandi kila kipa anapodaka.

Umeme ni hadithi ndefu zaidi. Tumeona mengi mazuri: bwawa la Matebe la Virunga mwishoni mwa 2015, paneli za Nuru mu 2020, na bado SNEL ya zamani. Lakini umeme unakatika, na visanduku vingi vya bei rahisi havina betri ya kutunza saa. Vikizimika kabisa, vingine vinaamka mwaka 1970. Basi vinakataa kuunganisha, kwa sababu vibali vya usalama vya tovuti vinaonekana ni vya miaka hamsini mbele. Mtu anaona “hakuna muunganisho,” anapiga kisanduku makofi, anamlaumu mwenye intaneti. Kumbe kisanduku kiko Zaïre, tena Zaïre yenyewe haijapewa hata jina. Nenda kwenye saa, weka tarehe ya leo, Lubumbashi, kila kitu kinarudi.

Halafu kuna kukatika kwa aina nyingine. Januari 2015, wakati wa maandamano ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ikazimwa tena karibu wiki tatu. Waliokaa kando ya mpaka wakachomeka kadi za simu za Rwanda. Unaona wenyewe, ile antene ya zamani imerudi ikiwa ndogo ya kuingia mfukoni. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, umeme, maji na intaneti vilikatika, na siku zile tele ya intaneti ilikuwa kioo tu. Kilichosema kilikuwa redio ya betri. Benki zikafungwa, na hata abonema ya halali ikawa kazi: unatafuta wapi pesa kwenye simu, na kwa asilimia gani.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyoweka. Siuzi tena wazo la kwamba kila kitu kiko hewani. Naweka VLC, naweka orodha fupi niliyoiandika kwa mkono ya vituo vinavyojitolea wenyewe bure, France 24, DW, vingine vichache, halafu nachomeka flash au diski yenye filamu na masomo, ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Antene ya zamani namwambia mwenye nyumba asiing'oe. Redio vilevile. Naandika kwenye karatasi, nabandika nyuma ya tele: saa ni Lubumbashi, neno la siri ni hili, orodha iko kwenye folda fulani, unaweza kuibadilisha. Wengi hawaibadilishi. Wanataka tu mpira na filamu za Kihindi, na ni haki yao kabisa.

Lakini wiki iliyopita, Majengo, mtoto wa sekondari wa nyumba niliyoifungia mwezi uliotangulia alinionyesha kwenye simu faili aliloliandika mwenyewe. Channel kumi na moja, zote zinafunguka, mbili sikuwahi kuzisikia. Ya kumi na mbili ilikuwa folda ya video za ndugu zake walioko Uvira, zikiwa kwenye flash, akazipanga humo kati ya vituo vya dunia kama kituo kimoja tu kati ya vingine. Nimemwomba kopi.